Mnunuzi Mgumu na Mali ya Wanachama

Vyama vya ushirika viliundwa, miongoni mwa sababu nyingine, kwa ajili ya mnunuzi mgumu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliounda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na ambao Chama Kikuu chao cha KNCU kiliandikishwa mwaka 1933, walikwisha kuona kwamba mtu mmoja mwenye magunia mawili hana nguvu mbele ya mnunuzi mwenye ghala, gari na fedha. Walipouza kwa pamoja walipata sauti. Hata hivyo, kuunda chama hakukumwondoa mnunuzi mgumu duniani. Kulimtoa mlangoni kwa mkulima, kukamleta mezani kwa katibu.

Siku hizi vyama vingi vya msingi haviuzi zao moja la biashara peke yake. Viko vinavyopeleka maziwa hotelini, mayai madukani, mboga katika shule za bweni, mchele na maharage kwa wenye migahawa. Biashara hii ina faida yake: fedha huingia kila juma badala ya mara moja kwa mwaka. Lakini ina mtihani wake pia. Wanunuzi wa namna hii ni wachache, huagiza kwa wingi, hupenda kuchukua leo na kulipa baadaye, na wanajua kwamba maziwa na nyanya haziwezi kungoja. Makala hii inaeleza jinsi chama kidogo kinavyoweza kufanya kazi na wanunuzi hao bila kugombana nao ovyo, na bila kupoteza mali ya wanachama.

HESABU YA DENI LISILOLIPWA

Uchukuliwe mfano wa kubuni, ambao mambo yake yatatambuliwa na makatibu wengi. Chama cha wafugaji hununua maziwa kwa wanachama kwa shilingi 1,000 lita moja na kuyauza hotelini kwa shilingi 1,200. Zile shilingi 200 ndizo zinazolipa dereva, mlinzi, umeme wa tangi la kupozea, na vitabu vya hesabu. Hoteli huchukua lita 300 kila juma.

Mwezi wa kwanza hoteli ililipa kwa wakati. Mwezi wa pili malipo yalichelewa majuma mawili, na katibu akaambiwa kwamba mhasibu alikuwa likizoni. Mwezi wa tatu hoteli ilikata fedha za lita 40, ikidai kwamba yalikuwa yamechachuka, bila kuonyesha hata tone moja. Mwezi wa nne katibu alipofika ofisini alijibiwa, "Ndugu Katibu, meneja amesafiri, rudi juma lijalo." Alirudi juma lililofuata, na lililofuata hilo. Maziwa yaliendelea kupelekwa kila asubuhi, maana chama kiliogopa kumpoteza mnunuzi.

Deni la majuma manne ni lita 1,200, yaani shilingi 1,440,000. Kati ya hizo, shilingi 1,200,000 ni za wafugaji wenyewe, na lazima walipwe. Mwanachama aliyeleta lita 20 kwa juma anadai shilingi 80,000: hizo ndizo pumba za ng'ombe wake, dawa ya kupe, na sare ya mtoto wake wa shule. Ikiwa hoteli haitalipa kamwe, na chama kikitaka kulifidia pengo lote kwa zile shilingi 200 zinazobaki katika kila lita, kitahitaji kuuza lita 7,200. Kwa kiasi cha lita 300 kwa juma, hiyo ni kazi ya majuma 24, karibu nusu mwaka, na muda wote huo dereva na umeme havijalipwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika biashara ya chama, harusi huwa ya mnunuzi na matanga huwa ya wanachama.

Hesabu hii inafaa kusomwa katika kila mkutano wa Halmashauri kabla ya kukubali kumkopesha mnunuzi yeyote.

KUWATAMBUA WANUNUZI WAGUMU

Si kila mnunuzi anayesumbua ni adui wa chama. Kuna aina nne, na kila aina ina dawa yake.

Kwanza, yuko mnunuzi mwenye haki. Analalamika kwa sababu kweli mayai mawili katika trei yamepasuka, au mchele una mawe. Huyu ni mwalimu wa chama. Dawa yake ni kusahihisha kosa haraka.

Pili, yuko mnunuzi asiye na mpango. Nia yake ni njema, lakini fedha zake hupitia mikono mingi. Shule inayongoja fungu lake, au ofisi ambayo hundi yake huhitaji sahihi tatu, ni ya namna hii. Dawa yake ni chama kuujua utaratibu wa malipo kabla ya kuanza kuuza: ankara ipelekwe kwa nani, siku gani ya mwezi, na iambatanishwe na hati zipi. Mara nyingi deni hukaa miezi miwili kwa kuwa tu ankara ililetwa kwa mtunza ghala badala ya mhasibu.

Tatu, yuko mnunuzi mkali wa maneno. Hupayuka mbele ya watu, hudharau mzigo, humwita dereva majina. Lakini wengi wa namna hii hulipa. Ukali si hasara kwa chama, ila ni taabu kwa mfanyakazi aliyetumwa. Dawa yake ni subira, na kumtuma mtu mzima mwenye staha.

Nne, yuko mnunuzi mwenye hila. Huyu mara nyingi ni mpole. Humkaribisha katibu kwa chai, humwuliza habari za nyumbani, kisha humwomba mzigo mkubwa kidogo kuliko wa juma lililopita, na kulipa kidogo kuliko alichochukua. Deni lake hukua polepole hadi chama kinapojiona hakiwezi kuacha kumwuzia, kwa hofu ya kupoteza lote. Kwa mnunuzi huyu hakuna dawa ila kikomo kilichowekwa mapema na kushikwa bila kuona haya.

Katibu anayemchukulia kila mlalamikaji kuwa mwenye hila atafukuza wanunuzi wema. Na anayemchukulia kila mpole kuwa mwema ataifilisi ghala.

MAPATANO KABLA YA MZIGO WA KWANZA

Ugomvi mwingi huanza siku ya malipo, lakini mbegu yake hupandwa siku ya mapatano, pale watu wanapopeana mikono na kusema "tutaelewana". Mapatano yaandikwe, hata yawe ukurasa mmoja. Kuandikiana si kutoaminiana. Ukurasa huo ujibu maswali haya:

1. Ni nani mwenye mamlaka ya kuagiza kwa niaba ya mnunuzi, na ni nani wa kupokea mzigo? Oda iliyotolewa na mpishi ambaye baadaye mwenye hoteli anamkana ni chanzo kikubwa cha madeni yasiyolipika.

2. Mali ni ya kiasi gani na ya ubora upi, na utapimwaje?

3. Bei ni ipi, nayo itadumu hadi lini?

4. Mzigo utakabidhiwa wapi na saa ngapi, na gharama ya kuusafirisha ni ya nani?

5. Mnunuzi ana muda gani wa kukagua na kukataa?

6. Malipo yatafanywa siku gani, na kwa njia ipi? Namba ya akaunti ya chama iandikwe humo, ili pasiwe na nafasi ya kusema kwamba fedha alipewa dereva.

7. Kikomo cha deni ni kiasi gani, na kikifikiwa itakuwaje?

Swali la saba ndilo linalosahauliwa zaidi. Njia rahisi ya kupata kikomo ni Halmashauri kujiuliza: kama mnunuzi huyu hatalipa kamwe, chama kinaweza kuwalipa wanachama kiasi gani kutoka katika akiba yake yenyewe bila kusimama? Ikiwa jibu ni shilingi 600,000, basi kwa bei ya mfano uliotangulia chama hakiwezi kumkopesha hoteli zaidi ya lita 600, yaani majuma mawili. Juma la tatu maziwa hayashushwi garini hadi la kwanza liwe limelipwa. Mnunuzi akiambiwa hivyo tangu mwanzo hachukii. Akiambiwa katikati huona amedharauliwa.

Afaa pia katibu aulize habari za mnunuzi kwa wengine wanaomwuzia: mwenye kuni, mwenye samaki, mwenye mkaa. Hao watamweleza katibu ukweli ambao haupo katika barua yoyote ya benki.

MAKABIDHIANO NA HATI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imeandikwa katika kuta za ofisi nyingi za ushirika, lakini gari nyingi bado huondoka na mzigo bila kipande cha karatasi.

Kila mzigo uende na hati ya makabidhiano ya nakala tatu. Nakala moja hubaki kwa mnunuzi, moja hurudi ofisini, na ya tatu hubaki kitabuni. Hati ionyeshe tarehe, saa, kiasi, hali ya mali, jina la mpokeaji na sahihi yake, na muhuri kama upo. Sahihi isiyosomeka, isiyo na jina chini yake, haina nguvu siku ya ubishi.

Kwa maziwa, upimaji ufanywe palepale, pande zote mbili zikitazama. Laktomita huonyesha kama maziwa yametiwa maji: maziwa ya ng'ombe ya kawaida huwa na uzito linganifu kati ya 1.026 na 1.032 katika joto la nyuzi 20 za Selisiasi, nayo yakiongezwa maji kipimo hushuka. Kipimo cha alkoholi huonyesha uchachu: maziwa na alkoholi huchanganywa kwa kiasi sawa, na yakigandamana yana kasoro. Matokeo yaandikwe katika hati. Maziwa mabichi yasiyopozwa huanza kuharibika baada ya saa chache. Kwa hiyo mnunuzi aliyeyapokea mazima saa moja asubuhi, akayaacha jikoni bila jokofu, kisha akapiga simu saa kumi jioni kusema yamechachuka, hajibiwi kwa kelele. Hujibiwa kwa hati yenye sahihi ya mtu wake mwenyewe.

Katika ule mfano wa hoteli, zile lita 40 zilizokatwa zingeweza kuokolewa kwa karatasi moja. Chama hakikuwa nayo, kwa hiyo hakikuwa na la kusema.

MZANI NA LUMBESA

Kwa wauzaji wa viazi, vitunguu na kabichi, mnunuzi mgumu huja na sindano na kamba. Hutaka gunia lijazwe mpaka mdomoni, kisha lishonewe kilemba juu, na kulipa bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Nchini Tanzania ufungashaji huo umepigwa marufuku chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Lakini marufuku haimsaidii mkulima anayekubali kuuza kwa macho badala ya mzani.

Hasara yake ni rahisi kuipiga hesabu. Kama gunia la kilo 100 bei yake ni shilingi 60,000, kilo moja ni shilingi 600. Gunia hilo likifanywa lumbesa ya kilo 130 kwa bei ileile, kilo moja inauzwa shilingi 460 hivi. Katika magunia 50 mkulima ametoa bure kilo 1,500, sawa na magunia 15, thamani yake shilingi 900,000. Hakuna mwanachama ambaye angekubali kutoa magunia 15 kama zawadi mchana kweupe. Anayatoa kwa sababu yamegawanywa kidogo kidogo juu ya midomo ya magunia mengine.

Chama kiwe na mzani wake, uliokaguliwa na kupigwa chapa kila mwaka, na kiuze kwa kilo. Mnunuzi akileta mzani wake, jiwe la uzito unaojulikana liwekwe kwanza juu ya mizani yote miwili. Mnunuzi mwaminifu hatakataa. Na mkulima mmoja akijitenga na kuuza lumbesa kwa siri usiku, amevunja bei ya jirani zake wote, naye atajikuta msimu ujao hana bei ya kutetea.

KUPOKEA MALALAMIKO

Mnunuzi anapolalamika, katibu afuate utaratibu mmoja kila mara, awe anamwamini mlalamikaji au hamwamini.

Kwanza, asikilize hadi mwisho bila kukatiza na bila kujitetea. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na mtu aliyesikilizwa nusu ya hasira yake huondoka. Pili, aandike: mzigo wa tarehe ipi, hati namba ngapi, kasoro gani, kiasi gani. Mwenye lalamiko la kweli huweza kujibu maswali hayo. Tatu, aende au atume mtu kuiona mali siku hiyohiyo. Mali iliyokataliwa isimwagwe wala kutumiwa kabla ya kuonwa, na sharti hilo liwemo katika mapatano. Nne, atoe jibu kabla ya siku mbili kupita.

Kosa likiwa la chama, likubaliwe waziwazi. Mali ibadilishwe, au itolewe hati ya punguzo yenye sahihi, iingizwe vitabuni. Punguzo la mdomo kwa simu ni mlango wa wizi, maana hakuna ajuaye baadaye ni kiasi gani kilisamehewa na nani aliyesamehe. Kisha chanzo kitafutwe. Chombo cha maziwa cha kila mwanachama kikiwa na namba, na kikipimwa kabla ya kumiminwa katika tangi, atajulikana aliyeongeza maji, wala wafugaji 59 wema hawatabeba lawama ya mmoja.

Kosa lisipokuwa la chama, katibu aseme hivyo kwa heshima, huku hati ikiwa mkononi: "Ndugu, mzigo huu ulipimwa mbele ya mpokeaji wako, ukaonekana mzima, naye akatia sahihi. Chama hakiwezi kuukata. Lakini kesho tutapima pamoja tena, nawe uwepo." Maneno hayo hayamwiti mtu mwongo, wala hayatoi hata shilingi moja. Hasira hasara: katibu aliyetukanana na meneja mbele ya wapishi amempa meneja sababu nzuri ya kutolipa.

KUDAI KWA NGAZI

Kudai deni kunahitaji kalenda kuliko kunavyohitaji ushujaa. Vyama vingi hukaa kimya miezi miwili, kisha huamka siku moja kwa vitisho. Mnunuzi aliyezoea kimya huviona vitisho hivyo kuwa mzaha. Ni afadhali ngazi zijulikane na zifuatwe bila kuruka hata moja.

Siku tatu kabla ya malipo: ukumbusho wa upole, kwa simu au kwa mjumbe, wenye namba ya ankara na kiasi.

Siku moja baada ya tarehe kupita: katibu aende mwenyewe. Aulize mambo mawili tu: fedha zitatoka lini, na ni nani atakayetia sahihi. Majibu ayaandike mbele ya aliyejibu.

Siku ya saba: barua rasmi yenye sahihi za Mwenyekiti na Katibu, ipelekwe kwa mkono na kusainiwa katika kitabu cha barua.

Siku ya 14: mizigo ya mkopo isimame. Anayetaka mali aipate kwa fedha taslimu. Hapa ndipo vyama vingi hulegea, vikidhani kwamba kuendelea kupeleka mali kutamlainisha mdaiwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kila mzigo unaoongezwa juu ya deni huongeza nguvu ya mdaiwa na kupunguza ya chama.

Siku ya 30: hati ya madai inayotaja kiasi chote, siku ya mwisho ya kulipa, na hatua itakayofuata.

Mdaiwa akiomba kulipa kidogo kidogo, ombi hilo lisikataliwe kwa kiburi. Likubaliwe kwa maandishi, naye akiri deni lote na kutia sahihi, kisha apangiwe tarehe za mafungu. Ukiri huo ni mali kubwa kuliko ahadi kumi za mdomo.

Tahadhari moja ni ya zama hizi za malipo kwa simu. Wako watu wanaoonyesha ujumbe wa kughushi kuwa fedha zimekwisha tumwa. Dereva asiachie mzigo kwa kuonyeshwa simu ya mtu mwingine. Fedha huhesabiwa kuwa zimefika pale zinapoonekana katika salio la akaunti ya chama yenyewe. Hundi nayo si fedha mpaka benki iipitishe.

SHERIA INAVYOSEMA

Si kazi ya katibu kuwa wakili, lakini inampasa kujua mambo machache. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura 214, na ile ya Kenya, Sura 31, zote zimefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na zinafanana katika misingi hii.

Mnunuzi ana haki ya kupewa nafasi ya kuikagua mali. Lakini akikaa nayo kwa muda wa kutosha bila kueleza kwamba anaikataa, au akiitumia kana kwamba ni yake, huhesabiwa kuwa ameipokea. Chama kikipeleka pungufu ya kiasi kilichopatanwa, mnunuzi anaweza kukataa mzigo wote. Akichukua kilichofika, hulipa kwa kipimo hicho. Kikipeleka ziada, anaweza kuchukua kiasi cha mapatano na kuirudisha ziada. Na mwuzaji ambaye hajalipwa ana haki ya kuizuia mali ambayo ingali mikononi mwake, na hata kuisimamisha njiani mnunuzi anapokuwa amefilisika. Kwa mali inayooza, anaweza kuiuza kwingine mnunuzi asipolipa kwa muda wa kutosha.

Dai la mkataba huwa na umri. Katika nchi zote mbili ni miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza, na ukiri wa deni ulioandikwa na kusainiwa huanzisha hesabu ya muda upya. Nchini Kenya, Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi za Kenya 1,000,000, na sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Nchini Tanzania madai madogo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya kwenda huko, Afisa Ushirika aombwe kusaidia usuluhishi. Kokote shauri litakakofika, hakimu atauliza swali moja kwanza: hati ziko wapi?

KUTOMTEGEMEA MNUNUZI MMOJA

Nguvu ya mnunuzi mgumu hutokana na chama kukosa mlango mwingine. Historia ina funzo hapa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini Tanzania vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikawekwa mikononi mwa mamlaka za mazao. Mpaka vyama hivyo vilipoundwa upya kufuatia sheria ya mwaka 1982, mkulima wa zao la biashara alikuwa na mlango mmoja tu wa kuuzia. Mwenye mlango mmoja hungoja hapo hata kukinyesha.

Chama kidogo kinaweza kujiwekea kanuni kwamba mnunuzi mmoja asichukue zaidi ya theluthi ya mali yote. Wanunuzi wadogo wanaolipa taslimu, kama wenye vioski vya maziwa na mama lishe, wana kelele nyingi na oda ndogo, lakini fedha yao ya asubuhi ndiyo inayokipa chama uwezo wa kumwambia mkubwa, "Tumesimamisha mzigo." Waasisi 28 wa duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, waliofungua milango yao tarehe 21 Desemba 1844, waliuza kwa fedha taslimu tu, wakiwa wameona maduka ya kabla yao yakianguka kwa kukopesha. Chama kinachopeleka mali hotelini hakiwezi kufuata kanuni hiyo kila mahali, lakini kinaweza kuhakikisha kwamba sehemu kubwa ya mauzo yake haidaiwi.

Wapo wanunuzi wa kuachana nao. Aliyevunja ahadi mara tatu, aliyemtukana mfanyakazi wa chama na kukataa kuomba radhi, au anayemtaka katibu aandike kiasi kisicho cha kweli, huyo hana faida hata akilipa. Aagwe kwa barua ya heshima, deni lake liendelee kudaiwa, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za Halmashauri.

WAJIBU WA KATIBU NA WANACHAMA

Katibu asifiche deni. Makatibu wengi walioanguka hawakuiba. Waliona haya kusema kwamba mnunuzi waliyemleta wao hakulipa, wakangoja, wakalipa wanachama wa juma hili kwa fedha za juma lijalo, mpaka shimo likawa refu kuliko ngazi. Katibu asipokee kuku, vocha ya simu wala nauli kutoka kwa mnunuzi anayedaiwa. Na mjumbe wa Halmashauri mwenye undugu au biashara na mnunuzi atangaze jambo hilo, atoke nje wakati kikomo cha deni la huyo kinapojadiliwa.

Wanachama nao wana sehemu yao. Mwanachama anayetia maji katika maziwa, au anayechanganya viazi vilivyooza chini ya gunia, anampa mnunuzi fimbo ya kumpigia katibu. Na anayeuza pembeni siku bei inapopanda, kisha kurudi chamani inaposhuka, anakifanya chama kishindwe kutimiza ahadi yake. Mnunuzi mwema naye hugeuka mgumu akidanganywa.

Kila mwisho wa mwezi katibu abandike ubaoni orodha ya madeni ya chama: mdaiwa, kiasi, na siku zilizopita tangu tarehe ya malipo. Yaliyopita siku 30 yaandikwe kwa wino mwekundu, na Mwenyekiti ayasome kwa sauti mkutanoni, pamoja na hatua iliyochukuliwa kwa kila moja. Lita zile 1,200 za maziwa zilikamuliwa alfajiri, kwa mikono ya watu wanaojulikana kwa majina yao. Wana haki ya kujua ziko kwa nani, na ni nani aliyekwenda kuzidai.